Sahihi Sita za Ndugu Sirili

Ng'ombe alikuwa bado anapumua Avelina alipoinama kuingia nyumbani kwa Bibi Ndelilio. Alilala ubavu katika zizi lililokuwa nusu ya nyumba, shingo imenyooka juu ya majani makavu ya mgomba. Kila alipovuta pumzi mbavu zilipanda, zikakaa juu kwa muda, kisha zikashuka kwa mkupuo. Mate mazito yalimtoka bila kukoma. Macho yalikuwa wazi na mboni zake zimebana kama nyufa mbili nyembamba. Chini ya ngozi ya mapaja, nyama ilikuwa ikitetemeka peke yake.

Bibi Ndelilio alikuwa amepiga magoti katika mkojo, kichwa cha ng'ombe kiko pajani mwake. Alikuwa na chupa ya maji ya magadi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shika hiyo taya."

Avelina aliweka chini mkoba wake, akaishika taya. Maji yaliingia upande mmoja yakatokea upande wa pili, yakiwa yamechanganyika na povu. Wakajaribu tena. Mara ya tatu ng'ombe alinyoosha miguu yote minne, akaikaza kama mtu anayesukuma ukuta, na mbavu zilizokuwa zimepanda hazikushuka.

Bibi Ndelilio aliendelea kuishikilia chupa ileile kwa pembe ileile mpaka maji yakaisha. Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo la mnyama, mahali ambapo ndama wa miezi saba alikuwa akicheza jioni iliyopita, akakiacha hapo kwa kitambo kirefu.

"Amekula nini?" Avelina aliuliza.

"Anachokula siku zote."

Alinyoosha kidevu kuelekea pembeni. Palikuwa na mzigo wa majani mabichi, umefunguliwa nusu. Avelina alichukua konzi moja, akainusa. Harufu ya kitunguu saumu kilichooza ilimpanda puani. Ilikuwa harufu ileile aliyoisikia Jumanne, alipokuwa amesimama katika kihamba hiki, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, akichanganya dawa mpya ya wadudu wa kahawa, ile inayogeuka nyeupe kama maziwa ikikutana na maji.

"Majani haya umeyakata wapi, bibi?"

"Pale. Chini ya kahawa. Ningeyakata wapi?"

"Lakini nilikuambia. Siku kumi na nne."

"Uliniambia nisimwingize mnyama shambani siku kumi na nne." Bibi Ndelilio alisema polepole, bila hasira, kama anayemkumbusha mtu bei waliyokwisha patana. "Nikakucheka. Unakumbuka nilikucheka? Nikakuuliza, huyu ataingia shambani akipitia wapi? Tangu aletwe akiwa ndama hajaliona jua ila hilo la mlangoni. Hajaingia shambani, mwanangu. Uliyosema nimeyashika yote."

Avelina alikumbuka. Hata yeye alikuwa amecheka, kwa kuwa alidhani wameelewana.

Alikuwa amezaliwa katika kambi ya wakata miwa, kule bondeni, ambako baba yake aliletwa kutoka Kibondo kwa mkataba wa miaka miwili uliokuwa sasa umefika miaka ishirini na mitatu. Ng'ombe aliowajua yeye walikuwa wa wafugaji, wale waliovuka barabara ya miwa kwa makundi na kuingia popote palipokuwa na jani. Chuoni, kahawa ilipandwa kwa mistari katika udongo uliopaliliwa ukabaki mtupu. Mkufunzi alisoma maandishi ya Kiingereza kwenye kopo la dawa, akayafasiri ubaoni: *Wanyama wasiingizwe shambani kwa siku kumi na nne.* Wanafunzi wakanakili. Avelina alipata alama tisini na moja katika mtihani ule.

Huku Masama, mlimani, hapakuwa na mnyama wa kuingizwa mahali. Migomba ilisimama juu, kahawa ikakaa chini yake, majani yakaota chini ya kahawa, na kila asubuhi mwanamke aliyakata majani hayo akampelekea ng'ombe ndani. Kila mtu aliyelelewa mlimani angeisikia sentensi ile mara moja tu akajua kasoro yake. Angesema, hapana binti, waambie wasikate majani. Ilikuwa kazi ya dakika moja.

Ndugu Sirili, msimamizi wake, alilelewa mlimani.

Kitabu cha Mazoezi kwa Vitendo kilikuwa na jalada la kijani na kurasa arobaini. Katika ukurasa wa kwanza palichapwa kanuni. Msimamizi atamtembelea mwanafunzi shambani mara sita. Atamsikiliza anavyomshauri mkulima. Atamsahihisha palepale. Ataandika maoni yake na kutia sahihi. Mwanafunzi asiye na sahihi sita hatapewa cheti. Avelina aliisoma kanuni hiyo ya mwisho mara nyingi kuliko zote. Kambini kwao, katika safu zile nane za vyumba vya mabati, hapakuwa bado na mtoto aliyepata cheti cha kitu chochote zaidi ya ubatizo.

Wiki ya kwanza alikwenda ofisini mjini Moshi, akakuta wenzake wanne wamekaa kwenye benchi la korido, kila mmoja na kitabu chake cha kijani magotini, kama watu wanaosubiri zamu ya kusagiwa mahindi.

"Shikamoo, mzee," alisema zamu yake ilipofika. "Nilitaka kujua utapanda lini Masama, niwaambie wakulima."

Ndugu Sirili alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano, mpole wa sauti, mwenye miwani na mikono misafi. Alimtazama kwa huruma ya kweli.

"Binti, unayaona mafaili haya? Nina mikutano mitatu wiki hii. Lete kitabu." Akakifungua, akakilainisha kwa kiganja. "Tuweke tarehe gani? Jumanne kulinyesha huko juu?"

"Kulinyesha sana."

"Basi tuweke Jumatano." Akaandika kwa mwandiko mzuri wa kulala: *Anaendelea vizuri. Ana nidhamu na anapendwa na wakulima.* Akatia sahihi. "Umekuja na nini hapo?"

Ulikuwa mkungu wa ndizi. Bibi Ndelilio alikuwa amembebesha Avelina kwa nguvu: mpelekee mwalimu wako, huyo anayekufundisha kutusaidia. Avelina aliuacha nyuma ya mlango wa ofisi. Wiki ya pili alipeleka mwingine. Kufikia wiki ya nne Ndugu Sirili aliuliza habari za ndizi kabla hajaulizia kitabu, akacheka, akasema mwambie huyo mama kihamba chake kina rutuba.

Sahihi ya sita aliitia siku ya Ijumaa, kwa ajili ya Jumanne iliyokuwa bado haijafika. Chuo kilikuwa kinakaribia kufungwa. Avelina mwenyewe ndiye aliyemwomba. Ndugu Sirili aliuliza Jumanne atafanya kazi gani, akajibiwa kwamba atapuliza dawa mpya, akaandika: *Nilikuwapo wakati wa kuchanganya na kupuliza dawa. Mkulima amepewa tahadhari zote.*

Avelina alimshukuru. Aliteremka ngazi za ofisi akikihesabu kitabu chake, sahihi baada ya sahihi, na njiani alinunua andazi.

Sasa alirudi ofisini palepale akiwa na povu lililokaukia kwenye sketi. Ndugu Sirili alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Majani aliyakata chini ya kahawa yenyewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Kila mtu anajua hukati majani chini ya dawa."

"Mimi sikujua."

"Kwenu ni wapi wewe?"

"Kambini. Kwenye miwa."

"Ndiyo," alisema, kana kwamba jambo lililokuwa limefungamana limefunguka. "Nyie wa kambini."

Akavuta karatasi. Aliandika kwa utulivu, akifuta mara moja tu, na alipomaliza akamsomea. Taarifa ilieleza kwamba mkulima Ndelilio, mjane, alionywa na mwanafunzi mbele ya msimamizi, kwa Kiswahili na kwa Kichagga, asikate majani katika eneo lililopuliziwa. Kwamba mkulima alikiri kuelewa. Kwamba kifo cha ng'ombe kimetokana na uzembe wa mfugaji. Chini palikuwa na sehemu mbili za kutia sahihi.

"Hukuwapo, mzee," Avelina alisema.

"Kitabu chako kinasema nilikuwapo. Nani alikileta kitabu hapa?"

"Mimi."

"Nani aliniambia, mzee nisaidie, imebaki moja tu?"

"Mimi."

"Basi." Aliivua miwani, akaifuta kwa leso. "Nimekusaidia kama mwanangu, Avelina. Sikukuomba kitu. Sasa unataka kunichongea kwa ajili ya ng'ombe? Ukitia sahihi hapa, wewe una cheti chako, mimi nina kazi yangu, na yule mama hajafungwa. Amefiwa na ng'ombe tu. Ng'ombe hufa."

"Kijiji kina mradi wa mitamba, mzee. Mwenyekiti amemwahidi mtamba mmoja, ikithibitika kwamba hakufanya uzembe."

"Nani amekuambia uyajue ya mradi?" Sauti yake ilikuwa bado ya upole. "Alhamisi kuna kikao huko kijijini. Anakuja Ndugu Januari kutoka wilayani. Fikiri mpaka Alhamisi."

Jumatano Avelina alipanda tena Masama. Penye njia panda mama mmoja muuza pombe ya mbege alimwuliza kwa nini analia, akamwambia, na yule mama akakata jani la isale kwenye ua wa jirani akamtia mkononi. Ukienda kuomba msamaha na hili, alisema, hakuna Mchagga atakayekufukuza.

Bibi Ndelilio alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi. Nyuma yake zizi lilikuwa limefagiliwa. Alilitazama jani, kisha akamtazama aliyelileta.

"Nani kakufundisha hili?"

"Mama mmoja pale njia panda."

"Kakufundisha vizuri kuliko wale wa chuo." Alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyostahili, halafu akamrudishia. "Hili ni la watu waliogombana. Mimi na wewe hatujagombana. Ulikuja hapa wiki sita, mvua na matope, umebeba bomba mgongoni. Nilikuwa nakuonea huruma. Nikisema, mbona mtoto huyu anatumwa peke yake, mwalimu wake mgonjwa?"

"Hakuwa mgonjwa, bibi."

"Ndizi zangu alikula?"

"Alikula."

Bibi Ndelilio alitikisa kichwa. Kisu kilipita chini ya ganda, ganda likaanguka.

"Mimi sitaki mengi. Nataka hiyo kesho mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti aseme, huyu mama hakukosea. Akishasema, mwenyekiti Eliamini atanipa mtamba. Bila ng'ombe hakuna samadi, bila samadi migomba hii miaka miwili imekwisha. Unasikia? Siyo maziwa tu. Ni shamba lote."

"Nitasema, bibi."

"Utasema nini?"

"Kwamba hakuja hata siku moja."

Bibi Ndelilio aliacha kumenya. "Na cheti chako?"

Avelina aliokota ganda lililoanguka, akaliweka juu ya mengine. Bibi Ndelilio akasema kwa Kichagga cha kwao neno moja la shukrani, *aika*, akasogeza sufuria ili mgeni wake apate pa kukaa.

Kikao kilifanyika katika ghala la kahawa la kijiji. Wakubwa walikaa kwenye viti vitatu vilivyoazimwa shuleni: Ndugu Januari wa wilayani, aliyekuwa kijana mnene mwenye suti ya Kichina, Ndugu Sirili, na Mzee Eliamini, mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa amelivaa koti lake la kanisani. Bibi Ndelilio alisimamishwa mbele yao. Wanakijiji kama arobaini walikaa juu ya magunia matupu.

Ndugu Januari aliisoma taarifa kwa sauti kubwa. Alipofika penye sahihi ya pili aliona pako wazi.

"Mwanafunzi hajatia sahihi. Kwa nini?"

Avelina alisimama.

"Kwa sababu si kweli, ndugu. Sikumwambia mkulima asikate majani. Nilimwambia asiingize mnyama shambani, kama tulivyofundishwa. Sikujua kwamba huku majani ndiyo yanayomfuata mnyama. Hakuna aliyenisahihisha. Ndugu Sirili hakuwapo. Hajafika hapa hata mara moja. Nilikuwa namfuata ofisini na kitabu."

Ndugu Januari alifungua kitabu cha kijani, akapindua kurasa moja moja.

"Ndugu Sirili, sahihi hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Zilitiwa shambani?"

"Zilitiwa kwa mujibu wa utaratibu."

"Kuna mtu hapa aliyemwona Ndugu Sirili kijijini?" aliuliza Mzee Eliamini, akiwageukia watu.

"Mimi leo ndiyo namwona mara ya kwanza," alisema Bibi Ndelilio. "Nilitegemea kumwona mtu mnene zaidi, kwa jinsi alivyokula ndizi zangu."

Magunia yalicheka. Mtu wa nyuma alipiga makofi. Ndugu Sirili alitabasamu pamoja nao, akiangalia viatu vyake.

"Mama, hapa si mahali pa utani," alisema Ndugu Januari. Alisubiri kicheko kife. "Binti, nikuelewe vizuri. Unakiri kwamba kwa wiki sita umekuwa ukipeleka maelezo ya uongo kwenye chuo cha serikali?"

"Nilikuwa napeleka kitabu. Aliyeandika ni yeye."

"Kitabu ni cha nani?"

"Changu."

"Jina lililo juu ya jalada ni la nani?"

"Langu."

"Unakiri."

"Nakiri," alisema Avelina. "Ndiyo. Nakiri."

Ndugu Januari aliandika. Aliandika mistari mitatu, akapiga mstari chini ya mmoja wao. Kisha akasimama, na wote wakajua kwamba jambo limekwisha.

Alisema kwamba serikali haiwezi kuvumilia udanganyifu katika mafunzo ya wataalamu, kwa kuwa mtaalamu ndiye nguzo ya kijiji. Mwanafunzi amekiri mwenyewe. Chuo kitaarifiwa, na cheti hakitatolewa. Kuhusu ng'ombe, kilichopo mezani ni kitabu rasmi chenye sahihi sita za afisa wa serikali, mojawapo ikithibitisha kwamba tahadhari zilitolewa. Sahihi ya afisa haifutwi kwa maneno ya mwanafunzi, tena mwanafunzi aliyekiri kuwa mwongo. Taarifa inabaki ilivyo. Kifo kimetokana na uzembe.

Mzee Eliamini alikuwa amekunja uso kama mtu anayejumlisha kichwani.

"Samahani, Ndugu Januari. Nieleweshe mimi mzee. Kama binti amedanganya katika kitabu, si ina maana bwana huyu hakuja? Na kama bwana huyu alikuja, binti amedanganya nini?"

"Hayo ni masuala mawili, mzee, na yanashughulikiwa na idara mbili."

"Aha," alisema Mzee Eliamini.

"Na tuharakishe kidogo. Ndugu Sirili anatakiwa Moshi saa nane. Kuna semina ya wasimamizi, na yeye ndiye mwezeshaji."

Bibi Ndelilio alikuwa bado amesimama palepale. Aliangalia kiti kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu, bila haraka, kana kwamba alikuwa bado anatafuta ni kipi kati ya hivyo kitakachosema. Mzee Eliamini peke yake ndiye aliyeinamisha macho.

Siku ya Jumatatu Avelina alikwenda kumuaga Bibi Ndelilio. Alikuwa ameandikiwa barua ya kurudi kambini, na alitaka aiseme kwa mdomo wake kabla haijasemwa na wengine. Alipofika kwenye mfereji wa maji chini ya kihamba alisikia panga. Halikuwa likikata mgomba. Mgomba hutoa mlio wa maji. Huu ulikuwa mlio mkavu.

Bibi Ndelilio alikuwa amejifunga kanga mbili kiunoni. Nyuma yake mibuni ilikuwa imelala kwa safu, mingine ikiwa bado na kahawa mbichi matawini, na mbele yake iliyosimama ilikuwa michache kuliko iliyolala.

"Bibi! Acha! Ni kosa hili, watakufunga!"

"Najua." Alipiga tena. "Hili tulifundishwa vizuri. Limebandikwa mlango wa ghala tangu mwaka wa sabini na mbili. Mbuni mmoja, faini. Mibuni zaidi ya kumi, jela. Walikuja watu watatu kutusomea. Tukarudia kwa sauti kama watoto."

"Basi kwa nini?"

"Kahawa imekula ng'ombe wangu. Imekula migomba yangu ya mwaka kesho kutwa. Nipande maharage. Maharage hayana bwana shamba." Alipangusa jasho kwa kiwiko. "Wewe kaa mbali, mwanangu. Usije ukaandikwa na hapa."

Avelina hakukaa mbali. Alimshika mkono wa panga, akasukumwa kando, akaushika tena. Mwisho akaketi juu ya gogo, akajiinamia, na panga likaendelea.

Hazikupita saa mbili tangu mtu wa kwanza alipouona mbuni wa kwanza umelala. Landrova ilipanda barabara ileile ya matope ambayo Avelina aliipanda kwa miguu wiki sita, ikapiga honi penye mfereji, ikaingia mpaka kwenye ua. Waliteremka mgambo wawili. Mmoja akamnyang'anya Bibi Ndelilio panga. Mwingine akamshika bega na kumwelekeza nyuma ya gari. Hakushindana nao. Aliomba tu aoshe miguu kwanza, wakamkatalia, akapanda na matope yake.

Wa mwisho kuteremka alikuwa Ndugu Sirili. Alivaa buti za mpira, mpya kabisa. Alisimama katikati ya kihamba, akatazama juu kwenye migomba, akatazama chini kwenye udongo, akavuta pumzi kama mtu aliyerudi kwao.

"Karibu, bwana shamba," alisema Bibi Ndelilio kutoka ndani ya gari. "Njia umeiona?"

Ndugu Sirili alikuwa amemwona Avelina.

"Uko huku? Vizuri. Una kalamu?" Hakukuwa na chuki katika sauti yake. "Nisaidie kuhesabu. Nitawaandikia chuo kwamba umetoa ushirikiano. Inaweza kusaidia, siahidi. Njoo."

Alipiga magoti mbele ya kisiki cha kwanza. Magoti ya suruali yake ya kaki yalizama katika matope na wala hakuyajali. Alikunjua kisu kidogo, akakwangua ganda la kisiki, taratibu, mara mbili, akapuliza unga.

"Sogea. Mtu hajifunzi akiwa mbali. Unaona hapa, chini ya ganda? Bado kijani. Maana yake mzizi u hai, huu utachipua. Huu hatuuandiki kama umeuawa, tunauandika kama umejeruhiwa. Adhabu yake ni tofauti. Usikwangue kwa nguvu, ukifika kwenye mti wenyewe umeuua wewe. Hivi. Lete kidole."

Akaushika mkono wake, akaiweka ncha ya kidole chake juu ya ule unyevu wa kijani, akaibonyeza kidogo.

"Umeusikia ubaridi? Huo ndio uhai wake. Sasa tazama huu wa pili." Akahamia kwa magoti, bila kuinuka. "Huu umekatwa chini ya fundo. Huu ni mfu. Ukikosea hapa, mtu anafungwa kwa kosa lisilo lake, kwa hiyo ni lazima uangalie kila kimoja. Kila kimoja, Avelina. Huwezi kukaa ofisini ukakadiria."

Alisema hivyo na uso wake ulikuwa mtulivu, makini, uso wa mtu anayeipenda kazi yake na anayeijua. Vilikuwa visiki thelathini na vinne. Mgambo waliwasha sigara. Ndani ya gari Bibi Ndelilio alikuwa ameegemea chuma, matope yakikaukia miguuni, akiwatazama wote wawili.

Ndugu Sirili alifika kwenye kisiki cha tatu, akakikwangua, akapuliza, akauinua uso wake kumtazama mwanafunzi.

"Haya. Hiki niambie wewe. Ni hai au ni mfu?"

Akangoja jibu, kisu kikiwa mkononi, na hakumharakisha.